Ziba Mfereji, Uone Shamba Lipi Litakauka: Mwongozo wa Peptidi ya Kuzuia

Ukitoka Same kwa barabara ya chini, ukapita Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio, milima ya Pare Kusini ikiwa mkono wako wa kulia na nyika ya Mkomazi mkono wa kushoto, utafika Bendera. Huku ndiko yanakoshukia maji ya milimani. Yanapotua panastawi mpunga na mahindi, ng'ombe wanakunywa, na mbu wanazaliana. Mtafiti akija kutega mbu hapa, swali lake kubwa ni hili: kati ya mbu hawa, yupi amebeba vimelea vya malaria vilivyo tayari kuingia mwilini mwa mtu? Jibu halionekani kwa macho. Mbu hukaushwa, husafirishwa hadi maabara, husagwa, na mwishowe hukumu yake hutegemea kingamwili moja. Je, imeshika protini ya kimelea, au imeshika kitu kingine kabisa?

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekwisha kufanya westani bloti mara mbili tatu, ukapata mstari mzuri mweusi, kisha msimamizi wako akakuuliza: "Umejuaje kwamba huo ndio wenyewe?" Njia mojawapo ya kumjibu ni peptidi ya kuzuia. Ni njia nzuri, ni nafuu, na watu wengi huitegemea kwa jambo ambalo haiwezi kulithibitisha. Nitakuonyesha namna ya kuifanya vizuri, kisha nikuonyeshe mahali inapokomea.

Wazee wa Upareni walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe yateremke kwenye mifereji. Chukua mfano huo. Kuna mashamba matano mabichi mteremkoni na hujui ni yapi yananyweshwa na ndiva iliyo juu. Unaziba mdomo wa mfereji kwa udongo, unasubiri. Shamba litakalokauka lilikuwa likinywa kwenye mfereji huo. Litakalobaki bichi lina chemchemi yake. Peptidi ya kuzuia ni ule udongo. Ni kipande kifupi cha protini, mara nyingi cha asidi amino 10 hadi 25, chenye umbo lilelile ambalo kingamwili ilifundishwa kulishika. Ukikichanganya kwa wingi na kingamwili kabla ya kuimwaga juu ya utando, mikono ya kingamwili inajaa peptidi, haina tena nafasi ya kushika protini iliyo kwenye utando, na mstari unapotea. Mstari usiopotea ulikuwa na chemchemi nyingine.

Lakini tazama tena mfano huo. Shamba likikauka, umejua limenyweshwa na mfereji gani. Hujajua ni la nani. Nitakurudisha hapo baadaye, kwa sababu ndipo watu wanapopotea.

Kabla hujagusa peptidi

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho, nao uwe wa mbu wa Bendera. Sporozoiti, umbo la kimelea linalokaa kwenye tezi za mate za mbu, limefunikwa na protini iitwayo CSP. Katikati ya CSP ya Plasmodium falciparum kuna herufi nne za asidi amino zinazojirudia: NANP, NANP, NANP. Katika aina ya kimelea iitwayo 3D7, ambayo maabara nyingi huitumia kama kipimo, NANP hujirudia mara 38, na NVDP mara 4. Sehemu hii inayojirudia ndiyo iliyowekwa kwenye chanjo ya RTS,S, iliyojaribiwa Korogwe na Bagamoyo katika jaribio kubwa lililoanza mwaka 2009. Na sehemu hiyohiyo ndiyo inayoshikwa na 2A10, kingamwili ya panya inayotumika tangu miaka ya 1980 kupima mbu kwa elisa, kwa njia iliyotolewa na Burkot na wenzake mwaka 1984 na kuboreshwa na Wirtz mwaka 1987.

Kwa hiyo peptidi yetu ya kuzuia ni NANP iliyorudiwa mara sita. Ina asidi amino 24 na uzito wa daltoni kama 2,400. Huyeyuka kwenye maji bila shida. Si peptidi zote zenye tabia hiyo njema: zenye asidi amino nyingi zinazochukia maji huhitaji tone la DMSO kwanza, na zenye sisteini huungana zenyewe kwa zenyewe zikikaa hewani, hivyo ziyeyushe siku ya kazi. Kabla ya kufungua kichupa, kizungushe kwenye sentrifuji sekunde chache. Peptidi iliyokaushwa ni unga mwepesi kama vumbi la unga wa muhogo, hukaa kwenye kifuniko, na ukifungua kwa pupa umeimwaga pesa ya mradi sakafuni.

Yeyusha upate miligramu 1 kwa mililita. Gawa kwenye vichupa vidogo vya mikrolita 50, weka nyuzi 20 chini ya sifuri, na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Umeme ukikatika usiku na friza ikayeyuka, andika tarehe kwenye daftari. Peptidi kavu itavumilia kuliko kingamwili, lakini matokeo yakija kuwa ya ajabu baada ya wiki mbili utataka kujua ni nini kilichopata joto na lini.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka. Kabla ya siku ya peptidi, tafuta kiwango kidogo kabisa cha kingamwili kinachokupa mstari unaosomeka. Fanya vipande vitano vya utando wenye sampuli ileile, uzimue kingamwili kwa viwango vitano, chagua kile ambacho mstari bado uko wazi lakini si mweusi tititi. Ukitumia kingamwili nyingi kupita kiasi, hata asilimia ndogo itakayobaki bila kuzibwa itatosha kuchora mstari, nawe utadhani peptidi imeshindwa. Udongo kiganjani hauzibi mfereji uliofurika.

Na sampuli zako. Kwa jaribio hili unahitaji angalau tatu: mbu unayejua kwa hakika ana sporozoiti, au protini ya CSP iliyotengenezwa maabara, mbu aliyefugwa maabara ambaye hajawahi kunywa damu yenye vimelea, na mbu wako wa Bendera. Tumia kichwa na kifua tu, tumbo likate utupe. Sababu ya kukata tumbo nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa iliwahi kunigharimu miezi miwili.

Siku ya kazi

Pakia jeli moja yenye sampuli hizo tatu zikirudiwa mara nne, seti kwa seti, na alama ya uzito kando ya kila seti. Jeli moja, utando mmoja. Baada ya kuhamisha protini kwenye nitroselulosi, paka Ponceau uone protini zimehama sawasawa, piga picha, kisha kata utando uwe vipande vinne. Usitumie utando mmoja mara mbili kwa kuuosha na kuupa kingamwili upya. Kuosha huondoa protini pamoja na kingamwili, na mstari uliofifia kwa sababu ya kuoshwa unafanana kabisa na mstari uliofifia kwa sababu ya peptidi.

Vipande vinne ni hivi. Cha kwanza kitapata kingamwili peke yake. Cha pili, kingamwili iliyozibwa kwa peptidi yake. Cha tatu, kingamwili iliyochanganywa na peptidi isiyohusika. Cha nne hakitapata kingamwili ya kwanza kabisa, kitapata ya pili tu.

Kipande cha tatu ndicho kinachoachwa mara nyingi ili kuokoa fedha, na mimi nakusihi usikiache. Bila hicho huwezi kusema kama mstari umepotea kwa sababu peptidi imeziba mikono ya kingamwili au kwa sababu tu umeongeza kitu chochote kwenye bafa: chumvi iliyobaki kwenye peptidi, asidi iliyotumika kuisafisha, DMSO. Peptidi isiyohusika lazima iwe ya urefu unaokaribiana na ile yako na iyeyushwe kwa njia ileile. Wengi huagiza peptidi yao wenyewe ikiwa imevurugwa mpangilio. Kwa NANP kuwa mwangalifu hapa. Mpangilio unaojirudia ukianza na NPNA au ANPN au PNAN ni uleule, umesogeza tu mahali pa kuanzia kuhesabu, nayo kingamwili haijali unaanzia wapi. Ni afadhali utumie peptidi ya CSP ya Plasmodium vivax, GDRADGQPA, iliyorudiwa mara mbili au tatu. Ni ya protini ya jina lilelile, ya kimelea ndugu, na 2A10 haiitambui. Huwezi kupata ulinganisho wenye haki zaidi ya huo.

Hesabu sasa. Tuseme kiwango ulichochagua ni mikrogramu 0.5 za kingamwili kwa mililita, na kila kipande kinahitaji mililita 5. Hiyo ni mikrogramu 2.5 kwa kipande. Chukua vichupa vitatu, kila kimoja weka mikrogramu 2.5 za kingamwili katika mikrolita 400 za bafa. Kichupa cha kwanza ongeza mikrolita 25 za maji yaleyale yaliyoyeyushia peptidi. Cha pili ongeza mikrolita 25 za peptidi ya NANP, yaani mikrogramu 25, mara kumi ya kingamwili kwa uzito. Cha tatu ongeza kiasi hichohicho cha peptidi ya vivax. Zungusha taratibu saa moja kwenye joto la chumba, au usiku kucha kwenye nyuzi 4. Kisha zimua kila kichupa kifike mililita 5 na umwage kwenye kipande chake.

Maelekezo yanayokuja na vichupa vya madukani husema "mara tano kwa uzito" au "mara kumi kwa uzito", bila kueleza sababu. Sababu iko kwenye uzito wa molekuli. Kingamwili ina daltoni 150,000, peptidi yetu 2,400. Kwa uzito ulio sawa, molekuli za peptidi tayari ni zaidi ya mara 60 ya kingamwili. Ukizidisha kwa kumi unapata zaidi ya 600, na kwa kuwa kila kingamwili ina mikono miwili, kila mkono una peptidi kama 300 zinazougombea. Hiyo inatosha kwa kingamwili nyingi.

2A10 inaweza kukusumbua hata hapo, na inafaa uelewe kwa nini. Kwenye utando, CSP moja ina NANP 38 zilizopangana kama shanga. Kingamwili inaweza kuzishika kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja, na mkono mmoja ukiachia, wa pili bado umeng'ang'ania. Peptidi fupi kwenye maji hushikwa na mkono mmoja mmoja na huachiwa upesi. Kwa protini yoyote yenye marudio, peptidi ya marudio mawili inaweza kushindwa pale ambapo ya marudio sita inafaulu. Mstari ukififia tu badala ya kupotea, panda hadi mara 50 kwa uzito kabla hujasema kingamwili ni mbovu, na upandishe peptidi ya vivax kwa kiasi hichohicho.

Baada ya hapo kila kitu kiwe sawa kwa vipande vyote: muda wa kingamwili, idadi ya maosho, kingamwili ya pili kutoka kwenye chupa moja iliyozimuliwa kwa pamoja. Viweke vyote vinne mbele ya kamera kwa pamoja, vipigwe picha moja kwa sekunde zilezile. Nimeona picha za peptidi zilizokubalika kumbe kipande kimoja kilipigwa sekunde 60 na kingine sekunde 5. Mstari hafifu hupotea kwa sekunde 5.

Kusoma utando

Anza na kipande cha nne, cha kingamwili ya pili peke yake. Kila mstari unaouona hapo ukatae kwenye vipande vingine vyote, hata kama unakaa pale ulipotarajia.

Hapa ndipo nirudi kwenye matumbo ya mbu. Mwaka wangu wa kwanza maabara nilikuwa na mbu waliotegwa karibu na zizi. Nikawasaga wazima wazima, kwa haraka. Nikapata mstari mnene karibu na kilodaltoni 50, na mwingine mwembamba chini, karibu na 25. Nilifurahi sana, kwa sababu CSP huonekana maeneo hayohayo ya juu. Uzito wake wa kukokotoa ni kama kilodaltoni 43, lakini kwenye jeli hutembea pole pole na kukaa juu zaidi, mara nyingi kati ya 50 na 65, tena mara nyingi ikiwa mistari miwili kwa sababu kimelea huikata kipande. Nikaandika ripoti. Peptidi haikuondoa mstari wa 50, nami nikajiambia peptidi imeharibika. Nikaagiza nyingine. Ilipofika, mstari ulibaki vilevile. Hatimaye mtu mzima mmoja pale maabara akaniuliza kama nimewahi kufanya kipande bila kingamwili ya kwanza. Sikuwa nimefanya. Nilipofanya, mistari yote miwili ilikuwapo.

Ilikuwa damu ya ng'ombe. Kingamwili za ng'ombe aliyeumwa na mbu, zikiwa bado tumboni, zilikuwa zimepanda kwenye jeli pamoja na sampuli. Zikichemshwa na kuvunjwa, kila moja hutoa kipande kizito cha kilodaltoni 50 na chepesi cha 25. Kingamwili yangu ya pili, iliyotengenezwa kushika kingamwili za panya, ilizishika na hizo pia, kwa kuwa za wanyama hawa zinafanana. Peptidi haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imesema kweli tangu siku ya kwanza: maji haya hayatoki kwenye mfereji wangu. Ni mimi niliyekataa kulisikia jibu.

Kwa hiyo kata matumbo. Nunua kingamwili ya pili iliyochujwa dhidi ya protini za ng'ombe na za binadamu. Na kama bado una wasiwasi, kumbuka kwamba maziwa ya unga unayozibia utando nayo yana kingamwili za ng'ombe ndani yake.

Ukimaliza na kipande cha nne, linganisha cha kwanza na cha tatu. Vinapaswa kufanana. Visipofanana, acha kila kitu, tatizo ni bafa au peptidi chafu, rudia. Vikifanana, sasa tazama cha pili.

Mstari uliopo kwenye cha kwanza na cha tatu, ukakosekana kwenye cha pili: kingamwili yako imeushika kwa mikono yake, mahali pale ilipofundishwa kushika. Mstari uliobaki kwenye vyote vitatu na haupo kwenye cha nne: kuna kitu kwenye chupa ya kingamwili kinachoshika kwa njia nyingine. Hili hutokea sana kwa kingamwili za sungura zinazouzwa zikiwa bado kwenye seramu. Peptidi ikiwa fupi haiamshi kinga ya mwili peke yake, hivyo huunganishwa na protini kubwa, mara nyingi KLH, inayotoka kwa konokono wa baharini. Sungura hutengeneza kingamwili dhidi ya KLH pia, na dhidi ya kila kijidudu alichokutana nacho maishani mwake. Peptidi haiwezi kuziba hizo. Kingamwili iliyochujwa kwa peptidi yake itakupunguzia taabu hiyo, na 2A10, ikitoka kwenye ukoo mmoja wa seli, haina kabisa.

Kama kingamwili yako hutambua protini yenye fosfeti, ongeza kipande kingine: peptidi ileile isiyo na fosfeti. Yenye fosfeti inapaswa kuondoa mstari, isiyo nayo iuache. Zikiuondoa zote mbili, kingamwili hiyo haitofautishi kile ulichoinunulia.

Mahali peptidi inapokomea

Sasa turudi kwenye shamba lililokauka. Mstari umepotea kwenye kipande cha pili. Umebaki kwenye cha tatu. Kipande cha nne ni safi. Wanafunzi wengi huandika hapa: "Kingamwili imethibitishwa." Bado.

Ulichokithibitisha ni kwamba mikono ya kingamwili ndiyo iliyoshika. Kama kuna protini nyingine ndani ya mbu yenye kona inayofanana na NANP, kingamwili ingeishika kwa mikono ileile, na peptidi ingeuondoa mstari wake vilevile. Mstari wa kweli na mstari wa uongo wa aina hiyo hupotea pamoja, kwa uzuri uleule. Mwaka 2003 Saper na Sawchenko waliwaonya watafiti wa ubongo kuhusu jambo hili katika jarida lao. Mwaka 2016 kundi kubwa la wataalamu likiongozwa na Mathias Uhlén lilitoa njia tano za kuthibitisha kingamwili: kuondoa jeni ya protini yenyewe; kulinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili; kutumia kingamwili ya pili inayoshika mahali pengine pa protini hiyohiyo; kuipa protini alama na kuifuata; na kuivua protini kwa kingamwili kisha kuitambua kwa kupima uzito wa vipande vyake. Peptidi ya kuzuia haimo kwenye tano hizo. Nakubaliana nao. Peptidi ni ya kuanzia, ya kukutolea mistari ya ovyo mapema, kwa gharama ndogo. Haistahili kuwa hoja ya mwisho ya makala yako.

Hili si la vitabuni tu kwa watu wa Pare. Kati ya mwaka 1955 na 1959, chini ya mradi wa malaria wa Pare-Taveta, nyumba za ukanda huu zilipuliziwa dieldrini. Mbu Anopheles funestus, mpenda damu ya watu, alitoweka majumbani. Mahali pake Gillies na Smith walimkuta Anopheles rivulorum, anayefanana naye kiasi kwamba asiye mtaalamu hawezi kuwatofautisha, lakini mwenye tabia nyingine za kuuma. Mwaka 1962 Gillies akaeleza mwingine wa kundi hilohilo, akampa jina la milima hii: Anopheles parensis, anayependelea ng'ombe. Maana yake, hapa Bendera mbu wanaofanana sura wanaweza kuwa na uzito tofauti kabisa kwa afya ya watoto wetu, na wale wapenda ng'ombe ndio hasa wanaodanganya vipimo. Mwaka 1993 Somboon na wenzake huko Thailand waliunganisha majibu ya uongo ya elisa ya CSP na damu ya ng'ombe na nguruwe ndani ya mbu. Mwaka 2011 Durnez na wenzake walionyesha kwamba kitu kinacholeta majibu hayo huharibika kikichemshwa, wakati CSP yenyewe hustahimili nyuzi 100 kwa dakika 10.

Kwa hiyo, baada ya peptidi, fanya mambo haya matatu kwa kila mbu aliyekupa jibu la ndiyo. Kwa elisa, chemsha sampuli dakika 10 na upime tena. Jibu likitoweka, mwache. Pima DNA ya kimelea kwa PCR kutoka kwenye kichwa na kifua hichohicho. Na ukiweza, rudia bloti kwa kingamwili nyingine inayoshika CSP upande wa mwisho, mbali na NANP. Kingamwili mbili zinazoshika sehemu mbili tofauti, zikichora mistari mahali pamoja, ni vigumu sana kudanganya kwa pamoja. Yule mbu wa maabara asiye na vimelea awe safi katika vipimo vyote. Asipokuwa safi, hakuna jibu lolote la siku hiyo utakaloliandika.

Ukiandika makala, onyesha utando mzima, si kipande ulichokikata kuzunguka mstari unaoupenda. Taja namba ya toleo la chupa ya kingamwili, kiwango, mpangilio wa peptidi zote mbili, mara ngapi kwa uzito, na sekunde za picha. Mtu wa Muhimbili au wa Sokoine aweze kurudia kazi yako bila kukupigia simu.

Nasisitiza haya kwa sababu najua majibu haya yanakwenda wapi. Yanaingia kwenye ramani, na ramani ndiyo inayoamua vyandarua vipelekwe wapi na dawa ipulizwe wapi. Mbu mmoja wa uongo aliyehesabiwa hapa ni chandarua kilichokosekana kijiji kingine. Peptidi ikisema ndiyo na PCR ikasema hapana, usiiweke Bendera kwenye ramani hiyo. Rudi uwandani, utege tena.